Mkono wa Filomena

Filomena Knechtle alishika sindano kabla hajajua kusoma. Kwetu Appenzell, milimani Uswisi, hilo si ajabu. Mtoto wa kike aliketishwa dirishani kando ya mama yake, akapewa kitambaa cheupe na uzi, akaambiwa atulie atarizi. Lakini hata kwa watarizi wa kwetu, ambao si wa kubezwa, mkono wa Filomena ulikuwa wa peke yake. Leso zake ziliuzwa hadi Paris, kwa mabibi wasiojua bonde letu liko upande gani wa dunia. Miaka ng'ombe walipougua, miaka jibini lilipokosa mnunuzi, ni sindano ile iliyoweka viazi mezani. Mumewe Baptist alilijua hilo na hakulificha. Akishapata glasi mbili tatu alisema mbele za watu, "Mimi nafuga ng'ombe, lakini anayenifuga mimi ni huyu hapa." Watu walicheka, na Filomena alicheka pamoja nao.

Basi mkono huo huo, nawaambieni, haukuruhusiwa kuinuliwa.

Jumapili ya mwisho ya Aprili wanaume wa jimbo letu huvaa suti nyeusi, hujifunga upanga kiunoni, upanga wa baba na wa babu, huenda kusimama uwanjani ndani ya duara la kamba. Hilo ndilo Baraza. Upanga ndicho kitambulisho. Ukiwa nao unapita, huna unabaki nje. Mkuu wa Jimbo anasimama jukwaani, anauliza jambo, mikono inainuliwa, naye anatupa macho na kusema upande upi umezidi. Hakuna karatasi, hakuna sanduku, hakuna siri. Kodi, shule, mahakimu, barabara, yote huamuliwa hapo. Wanawake walikuwa nje ya kamba, pamoja na watoto, watalii na mbwa.

Na usidhani nasimulia zama za Nuhu. Ulikuwa mwaka 1990! Katika mambo ya nchi nzima wanawake walikuwa wakipiga kura kwa karibu miaka ishirini. Filomena aliulizwa jeshi la Uswisi lifanywe nini, akajibu kwa karatasi kama mtu yeyote, lakini barabara iliyopita nyuma ya zizi lake hakuulizwa. Binti yake Luzia, aliyeolewa St. Gallen, mwendo mfupi tu kwa treni, alikuwa akimpigia simu na kumcheka. "Mama, huku mimi napigia kura hata mabomba ya maji. Ninyi huko mnapigia nini, mluzi?"

Filomena hakuwa mtu wa kelele. Kila Aprili alipiga pasi shati la mumewe, aling'arisha upanga kwa kitambaa na majivu, alimfunga tai, kisha akaenda kusimama nje ya kamba na wenzake. Lakini mwaka ule lile suala la wanawake lilikuwa linarudi Barazani kwa mara ya tatu. Mara mbili wanaume walikuwa wamelikataa. Safari hii alipiga moyo konde, akamkabili mumewe jikoni, Ijumaa, Baptist akiwa anavua buti.

"Baptist."

"Mm."

"Jumapili watauliza habari yetu."

"Yenu akina nani?"

"Sisi wanawake, bwana. Usijifanye hujui."

"Ahaa, hilo."

"Tangu unioe sijakuomba kitu."

"Uliomba mashine ya kufulia."

"Baptist!"

Alianza kucheka, kisha akauona uso wa mkewe, akaacha. Akaliweka buti chini. "Nitainua mkono," akasema. "Unataka niape?"

"Usiape. Inua tu."

Karibu na jiko alikuwa ameketi mama mkwe, bibi Kreszenz, anafuma soksi, masikio yake mazima kuliko macho. "Mimi nimepiga kura maisha yangu yote," akadakia. "Jumamosi nilimwambia mume wangu la kufanya, Jumapili akaenda akalifanya. Ninyi wa siku hizi mnataka kwenda kusimama kwenye baridi mpate mafua, kwa faida ipi?"

"Na baba alipokufa, mama?" Filomena akamuuliza kwa upole. "Ulimwambia nani?"

Bibi Kreszenz alihesabu vitanzi vya soksi yake, akakosea, akaanza upya.

Jumapili ile Filomena hakusimama kwenye kamba. Rafiki yake Walburga Manser alikuwa na binamu mwenye nyumba inayotazamana na uwanja, wakapanda juu, wakafungua dirisha. Walburga alikuwa mjane. Mumewe aliangukiwa na mti msituni, hakuacha mtoto wa kiume, na upanga wake ulibaki ukutani bila wa kuuvaa. Shamba alilishika mwenyewe, ng'ombe alikama mwenyewe, kodi alilipa mwenyewe, na kila Aprili alikuja mjini kusikia wenzake wamemwamulia nini. "Asiyekuwepo na lake halipo," alizoea kusema, na alisema kwa hasira, maana yeye alikuwepo siku zote, hatua chache tu kutoka kwenye kamba.

Kutoka juu Filomena alimwona Baptist mara moja. Mwanamke hapotezi shati alilolipiga pasi mwenyewe. Alikuwa upande wa chemchemi ya uwanjani, na nyuma yake, bega kwa bega na kaka zake, alisimama Emil Streule. Huyu Streule ndiye mwenyekiti wa chama cha malisho. Kila kiangazi ng'ombe wa bonde zima hupanda mlimani, na chama chake ndicho kinachosema nani apeleke ng'ombe wapi. Mtu akinyimwa malisho ya mlimani, ng'ombe wake watakula nini, mawe? Kwa hiyo watu walimwamkia Streule kabla hajawaona.

Huko chini mzaha ulikuwa mwingi. Mmoja alipanda jukwaani akasema uwanja hautatosha wote wakiingia. "Tuwaweke mabegani!" mwingine akapaza sauti. Streule akaongeza jambo ambalo Filomena hakulisikia, na duara zima upande ule likaangua kicheko. Baptist naye alicheka.

Kisha Mkuu wa Jimbo akauliza. Wanaokubali?

Mikono ikapanda, mingi kuliko Walburga alivyotegemea. Filomena hakuitazama mingi. Alitazama mmoja. Haukupanda.

"Labda hajasikia," akasema Walburga.

"Amesikia."

Wanaokataa? Uwanja ukajaa mikono, wa Streule ukiwa mbele. Baptist hakuinua hapo pia. Alisimama mikono yake yote miwili ikiwa imekamata mpini wa upanga, anatazama viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Suala likaanguka kwa mara ya tatu, na hata wanawake wengine waliokuwa nje ya kamba walipiga makofi. Bibi Kreszenz alikuwa miongoni mwao.

Filomena hakupiga kelele hadi jioni. Alichemsha soseji kama ilivyo ada ya siku ile, akaziweka mezani, akasubiri mama mkwe aende kulala.

"Nilikuona," akasema.

Baptist aliendelea kutafuna. "Uliona nini?"

"Niliona mtu ameshikilia upanga kama ng'ombe aliyefungwa. Nilikuwa dirishani, kwa binamu yake Walburga. Nilikuona kuliko ulivyojiona."

Baptist akasukuma sahani. "Wewe hujui, Filomena. Hujui kusimama pale. Streule ananipumulia kisogoni, kaka zake kulia na kushoto, na kila mtu ana macho. Hujui."

"Sijui kwa sababu hamnitaki nisimame! Ningejuaje?"

Ndipo alipolia. Si kwa huzuni, ni kwa uchungu wa mtu aliyedharauliwa nyumbani kwake, na mbaya zaidi na mtu anayempenda. Baptist alinyoosha mkono amshike bega. Filomena aliutoa.

Wiki chache baadaye Walburga alikuja na karatasi ya mashtaka. Kulikuwa na mwanamke wa mjini aliyeamua kwenda Mahakama Kuu ya nchi kule Lausanne, na wengine walikuwa wakijiunga naye. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Katiba ya nchi nzima inasema mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria. Jimbo linasema desturi ni desturi. Basi mahakama iseme, kati ya katiba na desturi, ipi iko juu?

"Peke yangu nitaonekana mwendawazimu," akasema Walburga. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukiwa wengi, angalau tutakuwa wendawazimu wengi."

Filomena alinawa mikono, maana alikuwa na unga, akatia sahihi.

Lo! Kwetu jambo halihitaji redio. Kabla ya Jumapili bonde zima lilijua. Kanisani akina mama walisogea kwenye benchi, wakasogea tena, hadi Filomena akabaki na nafasi ya kulaza mtoto. Mchuuzi aliyekuwa akimletea leso nzuri za kutarizi alianza kumletea vitambaa vya mezani, kazi ya wanafunzi. Kwa Walburga mtu alimwaga samadi mlangoni, naye akaichukua kwa koleo akaitia bustanini, akasema ahsante kwa sauti ili jirani wasikie.

Lililouma zaidi lilimpata Baptist. Siku ya mnada wa ng'ombe, Streule alimsimamisha mbele za watu. "Baptist ndugu yangu, nasikia mkeo anatushtaki."

"Hakushtaki wewe."

"Anashtaki jimbo. Mimi si jimbo? Hebu niambie, mwanamume asiyeweza kumtuliza mke mmoja, atawatulizaje ng'ombe wote wale kule mlimani?" Watu walicheka. "Mwaka huu nenda, tumeshapanga. Mwakani tutatazama."

Baptist alirudi nyumbani amekunja uso. "Ondoa jina lako," akamwambia mkewe. "Nakuomba. Malisho yakienda, tunauza ng'ombe. Tukiuza ng'ombe, mimi ni nani?"

"Na mimi ni nani sasa hivi?" akauliza Filomena.

Hakuliondoa. Lakini usifikiri alilala usingizi. Alikuwa akiketi na kitambaa chake dirishani, sindano inakwenda, na moyoni anapiga hesabu ya ng'ombe, wa kuuza na wa kubakiza, akimtaja kila mmoja kwa jina lake. Mara nyingi alitaka kuvaa koti apande kwa Walburga amwambie, mwenzangu, mimi nimeshindwa. Mara moja alilivaa kabisa, akafika kwenye lango, akarudi.

Mwezi wa Novemba, theluji imeshashuka hadi zizini, redio ikatangaza. Mahakama Kuu imesema desturi haiwezi kukaa juu ya katiba. Wanawake wa jimbo letu ni wananchi tangu siku hiyo, hakuna haja ya kuwauliza wanaume mara ya nne.

Bibi Kreszenz alizima redio. "Haya, mkaza mwanangu, umewashinda wanaume kwa kuita watu wa nje."

"Mahakama ya nchi si watu wa nje, mama."

"Lausanne wanasema Kifaransa, si Kijerumani chetu," akajibu kikongwe, na kwake hoja ikaishia hapo.

Baptist alikuwa mlangoni, ndoo ya maziwa mkononi. Filomena alimngoja aseme neno, lolote, hata la ubaya. Alisema ng'ombe mweusi amepunguza maziwa, akapita.

Majira yakageuka, Aprili ikaja na matope yake, na ikaja na barabara. Chama cha malisho kilitaka barabara mpya ya kupanda mlimani, magari yafike hadi juu. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilizunguka msituni, ndefu kidogo. Ya pili ilikata katikati ya shamba la Walburga, ikiacha zizi huku na majani yake kule. Serikali ya jimbo, kwa ushauri wa Streule, ilipendekeza hii ya pili, na Baraza ndilo litakaloamua. Watu walisema ni bahati mbaya tu. Labda. Mimi nilikuwepo, na sikuona bahati pale.

Walburga alikuja kwa Filomena, safari hii hakuwa na mzaha. "Wakipitisha pale, nimekwisha. Siwezi kuvusha ng'ombe barabarani asubuhi na jioni peke yangu. Nitasema jukwaani. Lakini nataka nikiangalia chini nikuone."

"Utaniona," akasema Filomena.

"Mkono?"

"Mkono pia. Wewe!"

Usiku ule Baptist alisema kitandani, uso wake ukutani, "Chama kinagawa malisho wiki ya pili baada ya Baraza. Sikuambii la kufanya. Nakuambia tu siku."

"Siku naijua," akasema Filomena.

Asubuhi ya Baraza alivaa vazi lake jeusi la kanisani, akachukua kadi iliyoletwa kwa posta, maana wanawake walipewa kadi badala ya upanga. Baptist alijifunga upanga wake. Hakumngoja mkewe amfunge tai. Aliifunga mwenyewe, ikakaa upande. Walitembea hadi mjini. Langoni mlinzi alitazama upanga, akatazama kadi, akasema "Haya" kwa wote wawili, sauti moja. Ilikuwa ni hivyo tu. Mambo yote yale, halafu "haya".

"Utasimama wapi?" akauliza Baptist.

"Simama unapotaka."

Baptist alisimama kando yake.

Wanawake hawakuwa wengi, lakini walikuwepo, na uwanja ulitosha. Mkuu wa Jimbo alisoma kiapo, watu wakainua vidole vitatu, na Filomena akainua vyake, akala yamini kuilinda haki na kuikimbia dhuluma. Sauti yake ilikuwa imara. Alijisikia mrefu. Alitamani Luzia angekuwepo amwone, na akaona aibu kidogo kwa kutamani.

Walifika kwenye barabara. Streule alipanda jukwaani, akasema vizuri, maana kusema anajua. Faida ya bonde zima, maziwa yafike mapema, mgonjwa ashushwe haraka. Kisha Walburga akapanda, mwanamke mnene mwenye koti la marehemu mumewe, na duara zima likanyamaza hadi ukasikia chemchemi.

"Sina mengi," akasema. "Siikatai barabara. Naomba izunguke. Shamba langu lina upana wa kujitosha, likikatwa halitoshi tena. Ninyi nyote mna ng'ombe. Mnaelewa."

Akashuka. Streule alikuwa amerudi mahali pake, na mahali pake, kwa makusudi au kwa bahati, palikuwa hatua mbili mbele ya Filomena na Baptist. Shingo yake pana ilikuwa mbele yao.

Wanaokubali? Mikono ikapanda, ya Streule na kaka zake, na mingine mingi.

Wanaopinga?

Hapo ndipo Streule alipogeuza kichwa. Hakukunja uso. Alitabasamu, kama mtu anayetazama jirani yake ananunua nini dukani.

Na Filomena akaona mkono hauji. Aliuambia njoo. Ulikuwa pale chini, ndani ya mkunjo wa sketi, mzito kama si wake. Aliona ng'ombe mweusi akipandishwa kwenye lori. Alimwona Baptist ameketi zizini patupu. Aliona macho, Mungu wangu, macho mengi kiasi kile! Nyuma yake, pembeni, juu madirishani. Alijua kila jina la kila mtu, na kila mtu alijua lake. Upande wa pili wa duara mkono wa Walburga ulikuwa juu, na kichwa chake kilikuwa kinageuka, kinatafuta. Filomena aliinamisha uso ili asipatikane.

Mikono ikashushwa. Imekwisha, akajiambia, na akasikia nafuu, nafuu ya aibu ambayo hakuwahi kuijua. Alimtazama Baptist. Baptist alikuwa akimtazama yeye, na usoni pake hapakuwa na kejeli wala ushindi. Hilo ndilo lililomchoma. Hasira aliyoitunza mwaka mzima aliitafuta, hakuiona mahali pake.

Jukwaani waliinamiana vichwa. Mkuu wa Jimbo akanyanyuka. Haikuonekana wazi, akasema. Pande zimekaribiana. Tutarudia.

Mnung'uniko ukapita uwanjani. Wanaokubali? Mikono ikapanda tena. Safari hii Streule hakugeuza kichwa tu. Aliposhusha mkono wake aligeuka mwili mzima, akalipa jukwaa mgongo, akasimama uso kwa uso na Filomena.

Wanaopinga?

"Filomena," akanong'ona Baptist. "Malisho."

Aliuinua. Haukupanda vizuri, ulikwama usawa wa sikio, ukatetemeka, akaushika kiwiko kwa mkono wa pili akausukuma hadi juu. Leso zote zile, nyuzi zote zile nyembamba, haukuwahi kutetemeka hata mara moja, na sasa ulipepea kama nguo kambani. Streule aliutazama mkono, kisha akamtazama Baptist, kama kwamba mwenye kuulizwa ni yeye.

"Shusha," akasema Baptist, midomo yake haikusogea. "Nakusihi, mke wangu. Shusha."

Hakushusha. Mkono wa Baptist ulibaki kwenye mpini wa upanga, vifundo vimekuwa vyeupe. Filomena aliviona, na mwaka huu hakuvichukia. Alijua ndani ya vile vidole mna nini.

Mkuu wa Jimbo alitazama kulia, akatazama kushoto. Wanaokubali wamezidi, akasema, kidogo lakini wamezidi. Barabara ipite shambani.

Streule alivaa kofia yake. "Tutaonana kwenye mgao, Baptist," akasema, akaenda zake kwa kaka zake.

Baraza lilipofungwa watu walimiminika kwenye mikahawa, bendi ikapiga, harufu ya soseji ikajaa mtaani. Baptist alisema anakwenda kutazama ng'ombe, ingawa kulikuwa na saa nyingi kabla ya kukama. Filomena alibaki karibu na chemchemi. Walburga alimjia polepole, koti la marehemu limefunguka, macho makavu na mekundu. Walisimama bila kushikana mikono.

"Mara ya kwanza nilikutafuta," akasema Walburga. "Sikuuona mkono wako."

"Sikuinua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Walburga aliitikia kwa kichwa. Alitazama uwanja, ambako vijana walikuwa wameanza kuikunja kamba.

"Na mara ya pili?"

"Niliogopa vilevile," akasema Filomena.